Nifungulie

Kisa hiki alikisimulia kwanza shangazi Beatha, nyumbani Rangwi, Jumapili ya pili baada ya Pasaka ya mwaka 2022. Siku ya tukio lenyewe alikuwa wodini, amempelekea Silvano uji.

Silvano alikuwa amejikata mguu kwa panga, kidonda kikaoza, sumu ikaingia kwenye damu. Alifikishwa hospitali presha imeshuka, hajitambui. Wakamtundikia dripu, chupa juu ya chupa, hadi akafumbua macho. Adhuhuri nesi Salama akapunguza matone.

"Mbona mnambania maji, mwanangu?" akauliza Klara, dada mkubwa wa Silvano.

"Mama, maji yaliyomwokoa asubuhi ndiyo yatakayomuua jioni. Mapafu yameanza kulowa. Hicho kigurudumu cha kupunguzia matone usikiguse."

Klara akaitika. Ndugu wa tumbo moja alikuwa amebakiwa na huyo tu.

Nesi alipotoka, Silvano aligeuza shingo.

"Klara. Nifungulie."

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya baba yao mdogo, Tobia. Mwaka wa ukame watu walidai Tobia amefunga mvua. Walimpiga mawe, wakamfungia ghalani bila tone la maji. Silvano ndiye aliyelinda mlango. Siku tatu Tobia aliita, "Nifungulie." Klara alipita na ndoo kichwani, hakufungua. Siku ya nne hakuita tena.

"Baba mdogo," akanong'ona, "mwachie ndugu yangu."

"Fungua, nimwachie."

Akafungua.

Matone yakawa mkondo. Chupa ikaisha. Kifua cha Silvano kikakoroma kama chungu kinachochemka. Povu jekundu likamtoka puani. Akamrukia dada yake, akamkaba koo, akampigiza uso kwenye chuma cha kitanda. Mara moja. Mara mbili. Meno yakamwagika sakafuni.

"Bado," ilisema sauti. "Bado."

Salama akaingia mbio. Akafunga dripu, akamketisha Silvano, akamchoma sindano ya kukojoza, akamwekea oksijeni. Watu wanne walimshika. Aliwang'ata. Akafa ameketi, amezama mahali pakavu.

Baadaye Salama alichukua karatasi ya kuandikia maji yanayomwingia mgonjwa. Chini ya mwandiko wake palikuwa na mistari mitatu, wino ungali mbichi. Tarehe tatu zinazofuatana, za mwaka ule wa ukame. Kila mstari: *Yaliyoingia, hakuna.*

Shangazi Beatha yu hai. Salama yu hai, yuko Korogwe. Klara naye yu hai, palepale Rangwi, katika nyumba aliyoing'oa milango yote.