Misalaki ya Sukesi

Mawingu yalikuwa yameshashuka kutoka mlima Merapi nilipobeba kapu la vifuniko kwenda shambani kwenye misalaki, miti mifupi ya miiba ya jamii ya mnazi. Asubuhi tulikuwa tumeyapandisha maua: unakata ua la msalaki dume, unalikung'utia juu ya ua jike lililoanza kuwa jekundu, kisha unalifunika. Mvua ikilipiga kabla halijashika, hakuna tunda. Misalaki inataka mkono wa mtu.

Mkono wangu haikuutaka.

Kila ua nililolipandisha mimi lilioza. Pale kijijini Turi watu walisema shamba lile bado ni la Sukesi, mke wa kwanza wa mume wangu Wagiyo. Yeye ndiye aliyelipanda, na alikufa kabla sijaijua njia ya kwao. Wagiyo hakuwahi kunitolea neno baya. Lakini kila magharibi alitoweka, akarudi ananukia mafuta ya nazi, yale ya nywele.

Mimi sipaki mafuta ya nazi.

Jioni ile nilijua nitamfumania. Nilikuwa hata na maneno ya kumwambia huyo mwanamke.

Tuk... tuk... tuk...

Mtu alikuwa akikung'uta ua. Nikainama chini ya makuti, miiba ikinichana mabega. Wagiyo alikuwa ameketi kwenye matope, chini ya mti mama, ule wa kwanza aliopanda Sukesi, amefumba macho kama mtoto anayechanwa nywele.

Na kweli alikuwa anachanwa.

Mkono ulitokeza katikati ya makuti. Mkono tu... mwembamba, umejaa vumbi la maua, miiba imeingia vidoleni na damu haitoki.

"Umechelewa kufunika," sauti ilisema, taratibu. Haikusema na Wagiyo.

Ilisema na mimi.

"Matunda nitakuachia, mdogo wangu. Magharibi niachie mimi."

Niliogopa. Lakini kulikuwa na kitu kizito kuliko hofu. Mume wangu hajawahi kufumba macho hivyo mikononi mwangu. Hata siku moja.

"Sikuachii kitu," nikanong'ona.

Mkono ukarudi ndani ya makuti. Wagiyo akafumbua macho, akaniuliza kama mvua imeanza.

Kesho yake alipokwenda sokoni, niliukata mti mama, nikang'oa kisiki, nikachoma vyote. Moshi ulinukia nywele. Aliporudi alilitazama lile shimo kwa muda mrefu, akaingia ndani, akala, akalala.

Tangu hapo maua yangu yalishika. Vichala vilibanana hadi tukawa tunapunguza matunda yapate nafasi. Na magharibi Wagiyo alikaa nyumbani, nami. Nikajua nimeshinda.

Kisha jioni moja jirani yetu Painah akasimama mlangoni. Nilimkaribisha, hakutaka kuingia.

"Dada Lasmini," alisema kwa sauti ya chini, "huyu wako alikuwa akifuata nini shambani jioni?"

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mumewe Mulyadi naye ameanza kwenda shambani kwao kila magharibi. Anarudi nywele zimechanwa.

Hapo nikakumbuka jinsi tunavyopanda. Ukitaka msalaki uzae tunda lilelile, huoteshi mbegu. Unalipitisha chipukizi la mti mama kwenye kipande cha mwanzi chenye udongo, likitoa mizizi unalikata, unalipanda. Na Sukesi, enzi za uhai wake, hakumnyima mtu chipukizi. Mashamba yote ya upande ule yalitoka kwenye mti ule niliouchoma.

Niligeuka kumwita Wagiyo. Mkeka ulikuwa mtupu.

Nilimkuta kwenye ua wa Painah, ameyashika makuti ya miiba waliyozungushia, damu inamtiririka hadi viwikoni. Alikuwa akilitazama shamba la wenzetu, kule gizani chini ya miti.

"Kaka," nikamwita, kama sisi wanawake wa huku tunavyowaita waume zetu. "Twende ndani."

Hakugeuka.

"Yuko na nani?" aliniuliza.

Alikuwa analia, kama mwanamume aliyeachwa na mkewe.