Pijo Iliyongoja Joto

Jumatatu ile Elisante aliamka kama kawaida yake, akanywa chai ya tangawizi vikombe viwili, akavaa makoti mawili, akashuka ngazi kwenda kuwasha Pijo. Sisi majirani zake wa mtaa wa Xiaobei, hapa Guangzhou, tulikwisha kumzoea. Tangu iingie ile baridi ya unyevu inayopenya mpaka kwenye mifupa, saa moja asubuhi utamsikia uani anapiga stata, inagoma, anapiga tena, halafu injini inashika. Tunajua basi, Elisante yuko kazini.

Pijo yenyewe ni 505 stesheni wagoni, iliyoundwa hapa hapa Guangzhou zamani hizo, kabla mji haujajaa magari ya umeme. Elisante ni fundi wa Moshi aliyegeuka muuza spea. Siku alipoikuta Foshan, mji wa jirani, nyumbani kwa mzee mmoja, imefunikwa turubai, jamani, mwanaume yule alitokwa na machozi. Baba yake aliendesha Pijo kama ile njia ya Arusha. Akaivuta mpaka huku, akaifufua, akajisifu kwa mdogo wake Heriel: "Hii haina inachokosa. Hata hita inayo."

Hapo ndipo uongo ulipoanzia, na ulikuwa uongo mdogo tu. Kiangazi cha kwanza Pijo ilichemsha mara mbili barabarani. Elisante akafanya kile ambacho kila fundi wa kwetu angefanya akiwa amefumba macho: akang'oa temostati akaitupa, maji yazunguke bila kizuizi, kisha akayakata mabomba ya hita na kuyaunganisha yenyewe kwa yenyewe. Nyumbani nani anahitaji hita? Gari likaacha kuchemsha, naye akasahau, wala hakumwambia Heriel.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya sikukuu ya mwaka mpya wa Wachina, Heriel aliazima gari. Alikuwa anasoma shahada ya uzamivu hapa kwa ufadhili, na mwalimu wake alimwalika kula sikukuu kijijini kwao, jimbo la Hunan. Mkewe Imelda alibaki, maana alikuwa na mzigo wa vitenge wa kufunga kule soko la Zhongda. Heriel akaondoka peke yake, anapiga honi kama bwana harusi.

Milimani barafu ikaifunga barabara. Magari yakapanga foleni siku mbili, hayaendi mbele wala hayarudi nyuma. Siku ya tatu asubuhi waokoaji walimkuta Heriel amekaa kwenye kiti cha dereva, ameinamia dashibodi. Swichi ilikuwa imewashwa. Tangi lilikuwa tupu.

Tulichanga, maiti ikasafirishwa, akazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo wao, Marangu. Pijo ikarudishwa Guangzhou juu ya lori. Elisante alitaka kuiuza chuma chakavu, Imelda akamshika mkono.

"Shemeji, usiitupe. Baridi ikija iwashe kila asubuhi, isife. Mimi nikisikia mlio wake nikiwa kule juu, napata nguvu ya kuamka."

Angekataaje? Imelda hakuwa na ndugu mwingine mji huu ila yeye. Ndiyo maana kila jioni alitandika blanketi juu ya boneti, akaziba rejeta kwa kadibodi upepo usipite, na kila asubuhi akaikalia dakika ishirini injini ipate moto. Aliitunza kama mgonjwa, huku moyoni akiichukia. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Sasa turudi Jumatatu ile. Elisante alitoa blanketi, akaweka kiganja juu ya boneti kama ada yake.

Boneti ilikuwa ya moto.

Akamfuata mlinzi, mzee Liang, aliyekuwa anafagia uani. Nani kawasha gari langu? Mzee akatikisa kichwa. "Meiyou," akasema. Hakuna mtu. Hakusikia mlio wowote, na geti alilifunga mwenyewe. Elisante akapiga stata. Haikushika. Akatazama geji: tangi lilikuwa tupu, na jana yake alilijaza.

Wezi, akajiambia. Akajaza tena, akanunua kufuli la kifuniko cha tangi.

Jumanne, tupu. Kufuli lilikuwa mahali pake, halijaguswa. Boneti iliunguza vidole.

Jumatano alifungua mlango wa dereva, akarudi nyuma hatua mbili. Nje kulikuwa na baridi, sawa, lakini mle ndani ilikuwa baridi nyingine. Ilimpiga usoni kama umefungua friza ya bucha. Akachungulia. Kwenye dashibodi, juu ya matundu ya hita, palikuwa na alama mbili nyeupe, kavu, za barafu.

Zilikuwa alama za viganja.

Mtu alikuwa ameweka mikono pale, anaota moto usiotoka. Vidole vilitanuliwa. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kifupi. Heriel alikikata na panga utotoni, wakikata majani ya ng'ombe, na Elisante ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati.

Alikaa chini, palepale kwenye saruji, akalia bila sauti. Aliogopa, ndiyo. Lakini zaidi aliona huruma, kwa sababu alielewa. Mdogo wake hakujua kama amekufa. Alikuwa bado yumo ndani ya gari, bado anawasha injini, bado anangoja.

Nyuma yake akasikia kandambili. Imelda alikuwa ameshuka, amejitanda kitenge, macho mekundu.

"Shemeji," akanong'ona. "Leo siku ya tatu Heriel ananijia ndotoni. Amekaa, anatetemeka. Ananiambia neno moja tu."

"Neno gani?"

"Ananiambia, muulize kaka, joto litakuja saa ngapi."

Elisante akainuka, akajipangusa suruali.

"Joto gani, shemeji?"

Pale angeweza kudanganya. Mwaka mzima alikuwa ameweza. Imelda akijua, basi, hatakuwa na shemeji tena, wala Elisante hatakuwa na mtu wa kumletea mtori wa ndizi akiugua. Lakini alipotazama kioo cha mbele akaona kinapata ukungu. Kwa ndani. Kidogo kidogo, kama mtu anavyopumua.

"Alinipigia simu," akasema.

"Lini?"

"Siku ya pili ya foleni. Saa kumi jioni. Akasema, kaka, hita haitoi joto. Akasema mbele yake kuna basi lina joto, dereva anamwita aingie. Akaniuliza, niingie?"

Imelda alishika ukuta.

"Niliona aibu, Imelda. Nilishajisifu kwake. Nikamwambia asiliache gari. Nikamwambia awashe tu, asubiri, joto litakuja."

"Na ulijua haliji."

"Nilijua. Niliyakata mabomba mwenyewe."

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Angemkwaruza uso, angemwita muuaji mtaa mzima usikie. Imelda alimtazama tu, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta.

"Usiniambie mimi," akanong'ona. "Mwambie mwenyewe. Anakungoja."

Elisante akaufunga mlango wa dereva, akazunguka upande wa abiria. Akafungua. Akaingia. Baridi ikamshika miguu, ikapanda kifuani. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, lakini kilikuwa kimebonyea. Alisikia meno yanagongana. Akaziba mdomo wake kwa mkono.

Hayakuwa yake.

"Heriel," akasema. "Mdogo wangu. Ni mimi."

Meno yakatulia.

"Joto halitakuja. Nilikudanganya. Hita haifanyi kazi, niliikata mimi. Haitatoa joto leo wala kesho." Sauti ilimkatika, akaivuta tena. "Toka, mdogo wangu. Liache gari. Nenda kwenye basi. Nenda upesi, wanakuita."

Swichi ikazima, tik. Mlango wa dereva ukafunguka polepole. Kisha Pijo ikainuka upande ule, kama inavyoinuka mtu mzima akishuka.

Baadaye Elisante aliniambia alimsubiri aseme kitu. Hata neno moja. Hata tusi. Hakusikia kitu isipokuwa mzee Liang anapiga ukelele na kuangusha ufagio.

Ukelele ule ndio uliotushusha sote, na yaliyofuata mimi niliyaona kwa macho yangu haya mawili, sikusimuliwa. Mji huu hauna theluji. Lakini pale uani palikuwa na nyayo za theluji, nyeupe, zimekandamizwa na viatu vya mwanaume, kuanzia mlango wa Pijo, zikipita chini ya geti lililofungwa, mpaka ukingoni mwa barabara yanaposimama mabasi. Hapo zikaishia. Jua likatoka, watu wakaja na simu zao, nyayo haziyeyuki. Imelda alichutama kwenye ile ya mwisho, akavua kitenge alichojitanda, akaifunika taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala. Hakumtazama shemeji yake. Mpaka leo, wakikutana kwenye ngazi, hamwiti shemeji.

Elisante yeye alirudi mlangoni mwa gari, akaanza upya. Alizifuata moja moja, ameinama, hajali sisi tuliomzunguka, akitafuta hata moja iliyogeuka kumwelekea yeye. Alirudia mara tatu. Zote zilielekea barabarani.