Kijitu cha Pembeni

Harufu ndiyo iliyotangulia: harufu ya wino mbichi, kali kama chuma kilicholowa, ndani ya karakana ambayo haikuwahi kuwa na hata chupa moja ya wino.

"Umemwaga nini?" Fundi alimuuliza mumewe.

"Mimi namwaga jasho tu," mume akajibu, akiendelea kupiga randa ubao wa fremu. "Labda pua yako imechoka kuliko wewe."

Ndiyo ilikuwa kazi yao tangu waoane: mke anachora, mume anatia fremu. Walinakili kwa mkono vibonzo vya kale vya siasa, vile vilivyowachekesha babu zetu na kuwanyima watawala usingizi, wakavikuza hadi ukubwa wa mlango ili vitundikwe maofisini na mahotelini. Fundi alikuwa na mtindo wake. Aliigawa picha kwa miraba, akaigeuza kichwa chini, akanakili mraba mmoja mmoja. Uso ukiwa wima, alisema, jicho linajifanya linaujua na mkono unaanza kudanganya. Kichwa chini hakuna uso, kuna mistari tu.

Safari hii mteja alikuwa Wakili. Kibonzo chake kilimwonyesha waziri wa enzi zile, tumbo kama gunia, mashavu yamefura, kinywa kimejaa nyumba za watu. Pembeni, chini kabisa, kilisimama kijitu chembamba chenye kalamu, kikicheka. Hicho ndicho kilichokuwa saini ya mchoraji. Kilikuwamo katika kila kazi yake, hadi waziri alipomtia gerezani na kumvunja vidole, kimoja kimoja, mpaka akafia humo.

"Waziri huyo ni babu yangu," Wakili alisema bila haya. "Mpunguze. Mpe uso wa mtu. Na hicho kijitu kifute. Babu alimvunja vidole, mimi namalizia kazi."

Alicheka peke yake. Fundi alisita, lakini mumewe akawahi: "Itakuwa, mheshimiwa." Basi Fundi, ambaye hakuwahi kubadili hata unywele katika kazi ya mtu, akakipita kijitu, akaufunika mraba wake kwa rangi ya ukuta.

Walipoisimamisha turubai ya picha wima, mchana kweupe, waziri alikuwa mnene.

"Si ulimpunguza?" mume aliuliza.

"Nilimpunguza."

Akampunguza tena. Akanenepa tena. Na mume alipoweka randa chini, ikasikika nyuma ya turubai kalamu ikikwaruza karatasi, kwaru, kwaru, ikitua kidogo kama mtu anayefikiri, kisha ikiendelea.

Ndipo kidole kidogo cha mume kilipoanza kupinda. Alikuwa ameshika nyundo. Kidole kikajitenga na vingine, kikarudi nyuma polepole, kama kinachovutwa na mtu asiye na haraka, hadi kikalia ko, kikavunjika.

"Mke wangu," alinong'ona, uso umemtoka jasho, "kuna mtu ameushika mkono wangu."

Hospitali walikifunga. Cha pili kikavunjika ndani ya bandeji. Cha tatu kikafuata, na jioni ile mvua ilipokata umeme, harufu ya wino ikajaa chumbani hadi ikawa chungu ulimini, na mkwaruzo ukatoka nyuma ya turubai, ukatambaa ukutani, ukapita juu ya mlango, ukashuka kwenye kiti alichokalia mume, ukapanda begani kwake, ukaingia sikioni, na mume akafumbua kinywa akacheka kicheko chembamba ambacho hakikuwa chake.

Fundi alimkimbilia Mama Ubani, jirani aliyetibu watu waliopagawa na majini. Mama Ubani alifukiza chumba, akaketi mbele ya mgonjwa.

"Sema, bwana mkubwa. Una nini na kijana wangu?"

"Nani alinifuta?" sauti ikauliza.

"Ni mimi," Fundi alisema.

"Nani alikutuma?"

Fundi aliitazama turubai. Kidole gumba cha mumewe kikaanza kunyanyuka.

"Wakili," akasema haraka. "Mjukuu wa waziri."

Kidole kikatulia. Mama Ubani akamvuta kando.

"Huyu hafukuziki, mwanangu. Huyu ana kesi. Mchoraji yule alifuga jini wa wino. Bwana alikufa, jini akabaki, makao yake ni kile kijitu. Umembomolea chumba, naye anadai vidole vya bwana wake."

"Nikimrudishia chumba?"

"Atamwacha mumeo. Lakini hasira hiyo itataka pa kwenda. Usiniulize wapi."

Fundi hakuuliza. Kulipokucha aligeuza turubai kichwa chini, akakwangua rangi ya ukuta, akakirudisha kijitu, akaendelea na mraba baada ya mraba, mistari tu, bila kujua kama anauongoza mkono au anaongozwa. Alipoisimamisha wima, tumbo lilikuwa gunia na kinywa kimejaa nyumba. Lakini uso haukuwa wa waziri. Ulikuwa wa Wakili, pamoja na miwani yake.

Kitambaa cha kufutia kilikuwa mkononi. Rangi ilikuwa mbichi. Alimtazama mumewe aliyelala kwenye mkeka, kidole gumba chake kikiwa kizima bado. Akakiweka kitambaa chini, akaifunga picha kwa shuka, akaipeleka mwenyewe kwa Wakili.

Aliporudi, vidole vya mumewe vilikuwa vimeanza kulegea, kimoja kimoja, vikirejea mahali pake kwa maumivu.

Jioni simu ikalia.

"Fundi." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. "Mashavu hayaachi kufura. Kinywa kinajaa. Natema matofali, Fundi, natema vigae, kinajaa tena. Njoo ufute hii picha. Nakuomba."

Nyuma ya sauti yake alisikia kalamu, kwaru, kwaru, na mtu akicheka kicheko chembamba.

"Mheshimiwa," alisema taratibu, "kazi ya kufuta nimeiacha."

Akakata simu, akarudi kumkanda mumewe vidole kwa maji ya moto.