Nyumba ya Kukunja ya Makurunge

Hodi ya kwanza ilipigwa kutoka ndani, na nyumba yenyewe ilikuwa bado imekunjwa.

Mwinyijuma alidhani ni bawaba zinalia. Mzungu mpima ardhi, bwana wake wa kazi, kabla hajapanda meli kwenda likizo kwao, alimwachia tela lile alilinde pale Makurunge, akamruhusu alale humo na watu wake. Lilikuwa tela la kushangaza. Likiwa njiani ni sanduku la mbao lisilopita kiuno cha mtu. Ukilifungua, kuta zinasimama moja baada ya nyingine, paa linainuka, mlango unaonekana, na nyumba ndiyo hiyo. Mwinyijuma alikuwa amelala kwenye mahema ya Wazungu tangu hajaota ndevu, akanyeshewa Miono, akanyeshewa Kiwangwa. Leo apewe ukuta unaogongeka aukatae? Thubutu.

Mkewe, Mwanabaraka, hakuipenda hata kidogo. "Baba Sihaba, hema likipumua najua ni upepo," alisema. "Kidude hiki kikipumua nitasema ni nini?"

"Utasema ni mumeo anakoroma."

Basi wakasimama mbele ya sanduku, asubuhi kweupe, Mwinyijuma akihangaika na komeo, ndipo ikasikika tena, sauti ya mwanamke, ya kistaarabu kabisa: hodi. Na Sihaba, binti yao mdogo, aliyebaki peke yake baada ya ndugu zake watatu kutangulia mbele ya haki, akafanya kama alivyofundishwa na mama yake. Akaitikia, "Karibu."

Wazazi walitazamana. Hakuna aliyemkemea, maana utamkemeaje mtoto kwa adabu uliyomfunza mwenyewe? Mwinyijuma alifungua, kuta zikasimama. Ndani hamkuwa na kitu ila harufu ya asumini mbichi, na Makurunge nzima hakukuwa na mche wa asumini.

"Mgeni siku mbili," Mwinyijuma alijaribu kutania. "Ya tatu tutampa jembe."

Jembe halikupokelewa. Sihaba alianza kulala ameuelekea ukuta, akinong'ona. Akawa anabakisha chakula na kukisogeza kwenye kona. Mama yake alipomuuliza anamwekea nani, alijibu kwamba ni yule bibi, anasema amebanwa mno, anataka mahali pa kunyooka. Mwili wa mtoto ukaanza kupungua kama sabuni. Alasiri moja wazazi wake, wakiwa nje wanamenya mihogo, walimsikia akicheza mchezo wa kupigiana makofi, wakatabasamu kwa kuwa siku nyingi hajacheza, mpaka wote wawili kwa pamoja wakaelewa kwamba mchezo ule hauchezwi na mtu mmoja, na kwamba makofi yale yalikuwa yakijibiwa, kofi kwa kofi, kutoka ndani ya ubao ambao unene wake haukuzidi kidole.

Siku ileile walihamia kwenye hema la zamani. Haikusaidia. Kila walipopitiwa na usingizi, Sihaba alirudi kule kwenye nyumba, hata mama yake akamfunga kwa kanga kiunoni mwake, wakawa wanatembea pamoja kama mbuzi na kamba yake. Mwinyijuma akaenda Bagamoyo kumleta Mwalimu Alawi, ambaye watu wengi walimwamini kwa kuwasomea wagonjwa wao.

Alawi alikoka moto chetezoni, akatia ubani, akasoma. Moshi ulifika mlangoni ukasimama, kisha ukarudi nyuma, ukamfunika usoni mwenyewe. Alimvuta Mwinyijuma pembeni.

"Ndugu yangu, hili siliwezi," alinong'ona. "Lingeingia kwa mabavu ningelitoa. Hili lilipiga hodi, likakaribishwa. Lina haki ya mgeni."

"Sasa mwanangu, Mwalimu? Nitamzika na huyu?"

"Lilikuja nyumba ikiwa imekunjwa. Likunjeni humohumo, muondoke. Lakini mtoto atoke kwanza, mumwone kwa macho yenu."

Sihaba alikuwa nje. Mwinyijuma alimwona, akamshika bega, akalikagua fundo la kanga. Kisha akaanza kukunja, na kila ukuta alioulaza ulikuwa mzito kuliko ulivyosimama, ukimsukuma kifuani taratibu kama mtu anayeamshwa usingizini na hataki kuamka, naye akisukuma na kusoma, akisoma na kulia, akimwomba Mola asimchukulie na huyu wa mwisho, mpaka paa likashuka, komeo likalia, na kimya kikatanda. Akaanguka kwenye majani akishukuru.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya sanduku.

"Baba? Mbona mnanikunja?"

Ilikuwa sauti ya Sihaba, ileile, hata kile kikwazo chake cha pumzi mwanzoni mwa maneno. Mwinyijuma aligeuka. Mtoto alikuwepo palepale, amefungwa kwa kanga, anamtazama.

"Sihaba, sema neno," alimwomba. "Neno lolote, mwanangu."

Mtoto hakusema. Mwinyijuma akalirukia komeo, lakini Alawi alimdaka mkono.

"Usifungue. Ndilo linalotaka."

"Na kama ni yeye?" Mwanabaraka aliuliza. "Mwalimu, na kama ni yeye?"

Mwinyijuma alisimama pale, mkono mmoja kwenye komeo, akisikia kilio kikipungua ndani ya sanduku, akimtazama mtoto mwenye uso wa mwanawe, damu yake, kovu lake la gotini, na hakujua. Baba mzima hakumjua mtoto wake. Mwishowe mkono ulilegea wenyewe. Alimbeba yule aliyeweza kumbeba, akampandisha mgongoni, wakashika njia ya Bagamoyo, na nyuma yao mtu mdogo aliita Baba, akaita Mama, mpaka mashamba yakaimeza sauti yake.

Mkono wa mtoto ukaja taratibu kutoka mgongoni, ukamfuta Mwinyijuma machozi.

"Usilie, Baba," alisema. "Atazoea."