Mtoto wa Ukutani

Mtoto ambaye bado miezi mitano azaliwe alikuwa amekaa darasani, ana miaka saba, anajikuna goti. Ndivyo Kibashiri kilivyofanya kazi. Kilikuwa chombo cha ukubwa wa mtungi, kimewekwa katika zahanati moja ya Tabora mpya, ile yenye barabara zinazojifagia zenyewe. Kilipima damu ya mama, kikasikiliza historia ya ukoo kwa sikio lake la bati, kisha kikamwonyesha mtoto wake wa kesho ukutani.

Nyamizi alikuwa na kifafa tangu usichana wake. Kila asubuhi alimeza kidonge, na kidonge kilikizuia kifafa kisimwangushe. Lakini alikuwa amesikia kwamba dawa ile hupenya hadi kwa mtoto tumboni, ikamchelewesha akili. Alikuja kuuliza jambo moja tu: aendelee kumeza au aache? Mama mkwe wake, Bi Mwashi, alimsindikiza, maana asingekosa kitu kinachoonyeshwa bure.

Ukutani, mwalimu aliuliza saba na tano ni ngapi. Mtoto akanyanyuka, akajitwika dawati kichwani, akaanza kulizunguka darasa.

“Anafanya nini huyu?” Nyamizi akauliza.

“Anahesabu,” kikasema Kibashiri.

Nyamizi akashika tumbo. “Dawa ndiyo imemfanya hivi?”

Daktari Chaurembo, Mzaramo, akajikuna kisogo. Walipoingia alikuwa amewapokea kama mtani: “Karibuni Wanyamwezi! Nyinyi hesabu mlijifunzia chini ya mizigo. Mzigo ukitua, na akili imetua.” Bi Mwashi akamjibu kwamba Wazaramo hawakujifunza kabisa, walikuwa ngomani. Wakacheka. Kibashiri hakikucheka. Kiliandika yote kuwa historia ya ukoo.

“Waliokiunda hawana watani,” daktari akasema kwa aibu.

“Masikini,” akasema Bi Mwashi. “Na wao watibiwe.”

Daktari akaufuta utani katika historia ile. Dawati likashuka. Safari hii mtoto alisikia swali, akafungua mdomo, akaufunga. Wenzake wakajibu. Yeye bado anatazama ubao.

Nyamizi aliujua mtazamo ule. Kalunde, binti yake wa kwanza mwenye miaka tisa, hutazama vivyo hivyo akitumwa vitu viwili kwa mpigo.

“Kalunde naye ni dawa?”

“Huenda,” akasema daktari. “Huenda pia ndivyo alivyo tu. Wengi waliopitia dawa hiyo tumboni hawana neno. Kibashiri kinajua huenda, hakijui ndiyo.”

“Huenda hata mimi ninazo, tele nyumbani,” Bi Mwashi akaguna.

“Nionyeshe nikiacha,” akasema Nyamizi.

Picha ya pili ikaja. Mtoto yule yule alijibu kumi na mbili kabla mwalimu hajamaliza. Kisha akaonekana nyumbani, mwanamke mwingine anamsuka nywele. Nyamizi akasogea hadi pua ikakaribia ukuta.

“Huyo ni nani?”

“Huenda na huyo ni utani,” Bi Mwashi akasema, sauti imempungua.

“Huyo hakutoka kwenye utani wangu,” akasema daktari. “Ukiacha ghafla, mama, kifafa hurudi kwa nguvu. Mara nyingine mtu haamki. Usiache. Ipo dawa nyingine, salama zaidi kwa mtoto. Tutakuhamisha polepole, nikikuangalia.”

“Mbona ukutani haipo?”

“Hatukukiuliza. Tumekiuliza kumeza au kuacha, kimejibu hayo.”

Nyamizi alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichofuata. “Nilipokuwa na mimba ya Kalunde, hiyo nyingine ilikuwepo?”

“Ilikuwepo.”

“Na hakuna aliyeniambia?”

Daktari alitaka kusema kwamba Nyamizi hakuuliza. Akajizuia.

Nyamizi akafungua mkoba, akameza kidonge cha siku ile bila maji, akauliza hiyo nyingine wataanza lini.

Bi Mwashi alikuwa akiitazama mikono yake. “Masikio ya Kalunde,” akasema, “miaka mitatu nayafinya, namwita mvivu.”

Akasubiri Mzaramo amtanie. Mzaramo hakumtania.