Ndege ya Mchimba Dhahabu

Siku ya soko mjini Tarime, upepo ulimpokonya Ashrafu ubao wa povu, lile povu jeupe linalokuja na maboksi ya televisheni, ukaurusha juu ya mafungu ya nyanya na kwenda kumtandika Kauthar usoni. Kauthar alikuwa amesimama kwa Waisiko, muuza uji, kikombe mkononi. Uji wote ukamwagikia dera lake jipya la zambarau.

"Wee mura, kijana wewe!" Waisiko alifoka. "Unataka kumuua mtoto wa watu na takataka zako?"

Kijana alifika akihema. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na suruali yake ilikuwa na lile vumbi la mawe lisilotoka hata kwa sabuni. Mchimbaji huyu, Kauthar aliwaza.

"Nisamehe, dada. Lakini si takataka. Ni bawa."

"Bawa la nini?"

"La ndege. Naunda ndege ndogo, ya rimoti."

Kauthar alicheka kabla hajakumbuka kukasirika.

Wiki iliyofuata Ashrafu alimfuata kwenye steshenari yake karibu na stendi, safari hii amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Kwao ni Urambo; dhahabu ndiyo iliyomleta kwenye machimbo ya Nyakunguru, akawa anachimba na kutengeneza pampu za kunyonya maji mashimoni. Simu yake kioo kilikuwa kimepasuka, naye alihitaji kompyuta. Mtandaoni kuna vikokotoo, alieleza. Ukiviingizia vipimo vya ndege, vinakuonyesha mahali uzito wake unapotakiwa kukaa.

"Usipokaa hapo?"

"Ndege ikiwa nzito nyuma, inainua pua, inaishiwa mwendo, inaanguka. Ikiwa nzito mbele, haitaki kupanda. Kuna mahali pamoja tu pa kuishika kwa vidole viwili ikatulia."

"Basi ni kama mwanamke."

"Hayo umesema wewe."

"Na kwa nini ndege, si kitu kingine?"

Ashrafu alifikiri kidogo. "Kutwa nzima nashuka shimoni. Nikitoka nataka kitu kinachopanda."

Jibu hilo lilimkaa Kauthar moyoni kuliko alivyotaka.

Ikawa kila Ijumaa baada ya swala yuko pale. Yeye anapima kwa rula na kusoma namba, Kauthar anaziingiza. Siku nyingine walizungumza kwa simu.

"Kauthar wangu, mkia nimeukata upya."

"Umekuwaje?"

"Umependeza. Lakini haukufikii."

"Zungumza na mkia wako basi, mimi nina wateja." Wala hakukata simu.

Baba yake, Mzee Maftah, fundi cherehani, hakuvutiwa. "Mchimbaji anaishi kwa tetesi, mwanangu. Leo Nyakunguru, kesho akisikia Chunya imetema dhahabu, anabeba sufuria lake anahama."

Jumapili ya kurusha ndege, uwanja wa mpira ulijaa. Kauthar alivaa gauni la kijani na mtandio wa maua. Kaka yake Dullah alikuja na bodaboda wenzake. Waisiko alikuja na birika la uji. Ndege ilinguruma, ikaacha ardhi, watu wakapiga vigelegele. Mara ikainua pua juu, ikasita hewani, ikaanguka chali na kuvunjika bawa.

"Nilijua!" Ashrafu alipiga kelele. "Ningeingiza mwenyewe! Umeweka namba za ovyo!"

Bodaboda wakaangua kicheko. Dullah alikunja ngumi, lakini Kauthar alimshika mkono wa shati.

"Namba ulinisomea wewe," alisema kwa sauti ya chini, akaondoka.

Asubuhi yake alifungua kikokotoo, akachora bawa kwenye karatasi na kupitia vipimo kimoja kimoja. Kosa lilikuwa kwenye mlalo wa bawa. Kikokotoo kilitaka kujua ncha imerudi nyuma kiasi gani, ukipima mpaka kona yake ya mbele. Ashrafu alikuwa amepima mpaka kona ya nyuma. Kwa hiyo mahali pa mizani palisogea nyuma mno. Kauthar alikuwa na haki, lakini haki hiyo haikumpa raha hata kidogo. Ashrafu alipopiga simu, Kauthar aliiacha iite.

Katikati ya wiki Dullah alileta habari. "Wachimbaji wanahamia Chunya. Na yule wako yumo."

"Aende salama," Kauthar alijibu, kisha akampa mteja kopi za cheti cha mtu mwingine.

Simu ilipoita tena, aliipokea.

"Kauthar, nimeunda bawa lingine. Kosa lilikuwa langu. Nilipima kona ya nyuma."

"Najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Nyuma yake makarasha ya kusaga mawe yalikuwa yakinguruma. "Sasa inaruka," alisema. "Wachimbaji waliacha sururu wakaitazama. Mimi sikufurahi. Nisamehe, mpenzi."

"Kwenye simu? Uliniaibisha uwanjani, Ashrafu, mbele ya kaka yangu."

"Nimekuelewa," alisema, na simu ikakatika. Kauthar alijua ndiyo imekwisha.

Jumapili Dullah alikuja mbio kumwita. Uwanjani ilikuwa mapumziko ya mechi. Ashrafu alikuwa amesimama katikati, mikono mitupu, kofia ameivua.

"Jamani," alisema, "ndege yangu ilianguka hapa, nikamsingizia Kauthar. Vipimo vibaya vilikuwa vyangu."

"Ongeza sauti, mura!" Waisiko alidakia.

Akaongeza sauti, akarudia yote. Kisha akamgeukia Dullah. "Shemeji, nawe nisamehe."

"Hujawa shemeji bado," Dullah alisema, na uwanja mzima ukacheka.

Kauthar alimsogelea. "Si ulikuwa unahama?"

"Gari la Chunya limeondoka alfajiri. Nimepata kazi ya pampu za visima Mugumu. Dhahabu hakuna, lakini na kuhamahama hakuna." Akapunguza sauti. "Nataka kutuma wazee kwenu."

Kauthar alijifunga vizuri mtandio.

"Watume Jumamosi. Asubuhi, kabla sijabadili mawazo."

Wazee walikuja. Mzee Maftah aliwakaribisha chai, akauliza ukoo, akauliza dini, akauliza Mugumu ni kazi ya kudumu au ni tetesi nyingine. Adhuhuri iliadhiniwa akiwa bado anauliza. Nyuma ya pazia Kauthar alianza kutabasamu. Baba yake akikataa jambo, hukataa mapema.