Kibao cha Ryohei

Jumapili hiyo ya Februari ukumbi wa kukodishia viatu vya skii pale kituo cha skii cha Tokiwadake ulifurika hadi mlangoni. Watoto wanalia, akina baba wamepiga magoti wakifunga vifungo, na harufu ya soksi mbichi imechanganyika na ya mchuzi wa kari. Fumika, mtangazaji wa kituo, alikuwa akipenya na kikombe chake cha chai alipogongana na mlinzi mgeni wa mlima, jitu refu lenye koti jekundu na theluji hadi magotini. Chai yote ikamwagikia sweta lake la manjano.

"Loo! Huna macho wewe?"

"Ninayo, tena ndiyo yaliyosoma kijiti cha kupimia huko juu alfajiri. Wewe ndiye dada wa spika? Uliyetangaza theluji sentimita mia na ishirini?"

"Ndiye mimi. Kwani vipi?"

"Mimi nimepima sabini."

"Kawaambie ofisini. Nasoma ninachoandikiwa, Bwana Sabini."

Jina likamganda. Jina lake halisi, Ryohei, likabaki kwenye orodha ya zamu tu. Toka siku hiyo, kila saa moja asubuhi, alipita dirishani kwa Fumika kuleta vipimo, ingawa redio ya mkononi alikuwa nayo kiunoni.

"Juu themanini na mbili, theluji kavu. Na wewe umeamkaje, kipenzi?"

"Redio unayo. Umefuata nini hapa?"

"Redio haina mashavu mekundu."

Hata Machi ilipoingia, kituo kizima kilijua kwamba wale wawili wanapendana.

Chumba cha walinzi kilikuwa na vibao vya mbao ukutani, kila mlinzi na chake chenye jina. Ukipanda mlimani unageuza upande mwekundu, ukishuka unageuza mweusi, kwa mkono wako mwenyewe. Vyote vikiwa vyeusi, yaani hakuna aliyebaki juu, mkuu wa walinzi, mzee Horigome, anazima lifti ya viti inayopandisha watu, na kila mtu anakwenda zake. Sasa Ryohei alikuwa msahaulifu wa kupindukia. Fumika akimwona tu ameshuka, alikimbia kumgeuzia.

"Binti, kibao hakigeuzwi kwa mapenzi!" mzee alifoka. "Kila mtu na chake!"

"Mzee nawe! Si ameshuka? Yule pale anakula tambi," alijibu Fumika akicheka.

Kisha ikaja ile siku mbaya. Mchana mpishi wa mgahawa alimwambia, bila nia mbaya, kwamba msimu ujao Ryohei anahamia Hokkaido, kisiwa cha kaskazini. Fumika alimpigia simu palepale.

"Unahamia Hokkaido, na mimi nasikia kwa mpishi?"

"Fumi, ngoja nikueleze jioni."

"Jioni gani? Kumbe mimi ni wa kupitishia msimu!"

"Usiseme hivyo, mpenzi. Niko juu huku, upepo mkali, sikusi…"

Fumika akakata.

Saa kumi na nusu alichungulia maegesho. Gari la Ryohei halikuwapo. Alikuwa amemwazima mwenzake akanunue dawa, lakini hayo Fumika aliyajua baadaye. Yeye aliona jambo moja tu: mwanamume ameshuka, ameondoka bila hata kwaheri. Akaingia chumba cha walinzi. Kibao kilikuwa chekundu.

"Haya, nenda! Njia nyeupe!" alisema, akakigeuza. Dakika chache baadaye mzee Horigome alitazama ukuta, akaona weusi mtupu, akazima lifti.

Saa kumi na moja simu ya Fumika iliita. Ryohei. Ikakatika, ikaita tena. Fumika akailaza kifudifudi mezani.

Walimpata asubuhi, alipokosekana zamuni, chini ya mteremko wa juu. Alikuwa amekwenda kukusanya kamba za mipaka ya njia za skii, theluji iliyolainishwa na jua la mchana ikaporomoka naye na kumbamiza kwenye mti. Redio ilivunjika, na mguu pia. Madaktari waliokoa roho yake, lakini baridi ilikuwa imekwisha kuula mguu wa kushoto. Wakaukata chini ya goti.

Kwenye kikao cha kuulizana, kabla Fumika hajafungua kinywa, mzee Horigome alimtupia jicho, akasimama. "Kibao nilikigeuza mimi," alisema, akainama mbele ya mama yake Ryohei hadi kichwa kikakaribia magoti. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja kazini, akaiacha siku hiyohiyo. Fumika alisimama nyuma ya wenzake kimya. Woga ni kitu kibaya, jamani.

Wiki ya tatu hospitalini, Ryohei alimshika mkono.

"Hokkaido nilikuwa naomba nyumba ya watu wawili, Fumi. Nilingoja wakubali ndipo nikuambie. Sasa sina Hokkaido, na mguu ni mmoja. Utakubali nikuoe hivihivi?"

Fumika aliinamisha uso kwenye blanketi.

"Kama ni ile simu, usijitese. Chaji ilikuwa imebaki kidogo sana, nikakupigia wewe. Ulikuwa na hasira, nimeshalimeza hilo. Nisiyemsamehe ni yule mzee. Anageuzaje kibao cha mtu ambaye hajamwona? Kila kidonda kikinichoma namlaani, yeye na uzee wake."

"Usimlaani."

"Kwa nini nisimlaani?"

"Sio yeye. Ni mimi. Sikuona gari lako, nikadhani umeniacha. Nikakigeuza mimi."

Ryohei aliuachia mkono wake taratibu.

"Ungenyamaza tungeoana," alisema.

"Najua."

"Sasa kwa nini hukunyamaza?"

"Ningekuvisha kiatu kimoja kila asubuhi, nikijua. Nisingeweza, Ryohei. Nakupenda, lakini nisingeweza."

"Mwite mzee Horigome. Nina radhi ya kumwomba." Akageukia ukutani. "Wewe nenda nyumbani kwenu. Usije tena."

Fumika alimpigia mzee. Alikuja na basi la saa nane, kofia mkononi, akampita koridoni na kumgusa bega bila neno. Mlango ulipofungwa, Ryohei alianza kulia. Tangu akatwe mguu alikuwa hajalia hata mara moja, na Fumika, aliyeshinda kando ya kitanda kile siku zote hizo, alisikiliza hadi kilio kikaisha. Kisha akavaa koti lake, akashuka ngazi.